Mamba Kwenye Kiti cha Kinyozi

Mwenyezi Mungu anapogawa sauti, kuna anayempa filimbi na kuna anayempa ngoma. Besi alipewa ngoma. Akisema "habari za asubuhi", vikombe vya kabatini viliitikia kabla ya watu. Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye cheti tu. Tangu ujana wake, aliposimama safu ya nyuma ya kwaya na kuanza kuimba sauti ya nne, watu walimwita Besi, na Besi akabaki: kanisani, sokoni na nyumbani kwake mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kunyoa watoto. Watu wazima aliwanyoa pia, maana hakuwa na sababu ya kuwafukuza, lakini watoto ndio waliojaza benchi. Vinyozi wengine wa mtaa ule waliwakwepa. Mtoto analia, anatikisa kichwa, mama yake anasimama pembeni anatoa amri, na ukimkwaruza sikio kidogo tu umeharibu jina. Besi alikuwa na njia yake. Kwanza, shuka. Lilikuwa shuka la bluu lililopauka kwa kufuliwa, na lilikuwa na sheria moja: ukishavikwa, hakuna kutikisika, uwe mtoto, uwe mchungaji. Halafu mvumo. Akiwasha mashine, naye alianza kuvuma, mmmm, chini kabisa, wimbo wowote wa kanisani, na kwa kuwa kiganja chake kilikuwa kimeshika utosi wa mtoto, ule mvumo ulipita mkononi ukaingia kichwani hadi mtoto asijue kinachovuma ni mashine au ni mtu. Wengine walisinzia. Akimaliza alimgonga mtoto begani mara mbili kwa vidole viwili: umefunguliwa, nenda zako. Hakuna aliyeshuka kitini kabla ya kugongwa.

"Hata mimi akikoroma namgonga begani mara mbili," mkewe aliwaambia majirani. "Wapi."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Waliishi na binti yao, muuguzi aliyefanya kazi kwa zamu, na mtoto wa binti huyo, aliyeitwa Kifungo tangu alipokuwa na meno mawili na kuyatumia kung'oa kifungo cha koti jeupe la babu yake na kukimeza. Kifungo kilitoka salama kwa neema ya Mungu. Jina halikutoka.

Basi siku moja aliingia dukani kwa Besi msichana mwenye miwani mikubwa, amemshika mkono mtoto wa dada yake ambaye alikuwa ameshaanza kulia mapema, kwa maandalizi. Besi akamvika shuka, akavuma, mtoto akanyamaza. Msichana akaacha kutazama simu yake.

"Mzee," alisema, "umewahi kuigiza?"

"Kila siku. Mteja akiniuliza kama nimeshiba, naigiza."

Msichana alikuwa mwongozaji wa filamu. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza filamu ya katuni kutokana na vitabu vya Chura Tarishi, vile vitabu vyembamba vya watoto vyenye majalada ya kijani, ambamo chura mwenye mkoba anapeleka barua ng'ambo ya mto na kukutana na visa vya kila namna. Sauti zote walikwisha kuzipata, ya chura, ya kunguru, ya mama bata, ikabaki moja: ya Mamba, mwenye mto. Kila waliyemjaribu alipiga kelele tu.

"Sitaki kelele," msichana alisema. "Nataka kitu kinachotoka chini."

Besi alivijua vitabu hivyo kuliko yeye. Kila jioni kabla ya sala alimsomea Kifungo, na Kifungo alikaa mapajani kwake, mgongo umeegemea kifua cha babu, kwa sababu alisema Mamba anasikika vizuri zaidi mgongoni kuliko masikioni. Besi akaona Mungu amemfungulia mlango. Akakubali papo hapo, mashine ikiwa bado inavuma mkononi.

Wakampeleka kwenye chumba kidogo kilichobandikwa sponji kuta zote, wakampa karatasi. Akasoma kama alivyozoea kumsomea mjukuu wake. Mwongozaji akasikika kutoka nyuma ya kioo: "Mzee, huyo mamba anaalika watu chai." Akajaribu tena. Chai ikaongezewa sukari. Mwishowe msichana akamwambia afikirie jambo moja ambalo hajaweza kulisamehe.

"Mkristo anasamehe yote," Besi alisema.

Halafu akakumbuka watu wa sauti ya tatu, ambao Jumapili baada ya Jumapili waliburuta noti ya mwisho kama watu wanaovuta ng'ombe asiyetaka kwenda. Akafungua mdomo.

"Nani anavuka mto wangu bila ushuru?"

Fundi wa mitambo akavua vile vya masikioni, akavitazama, akavivaa tena taratibu.

Nyumbani walikubaliana wamfiche Kifungo habari hiyo, ili aje kushangaa kwenye sinema. Hapo ndipo walipokosea, na walikosea wote watatu kwa furaha kubwa. Siku ya filamu mkewe alimshonea Kifungo gauni la kijani kama majalada ya vitabu. Ukumbi ulijaa watoto. Walicheka chura alipoteleza, wakaimba na mama bata. Kisha maji ya mto yakatulia, giza la ukumbi likaonekana kama limezidi, na kutoka kwenye spika za kuta zote nne ikaja ile sauti. Viti vilitetemeka. Mtoto mmoja akaita mama, na wengine wakaona ni wazo zuri, wakaita pia. Kifungo aliingia chini ya kiti na akatazama filamu yote iliyobaki kupitia upenyo wa vidole vya mama yake.

Mwisho majina yalipopita, binti akasoma kwa sauti, "Sauti ya Mamba…" na akamwonyesha kidole baba yake. "Umemwona Mamba? Ni babu."

Kifungo alimgeukia babu yake. Alimtazama muda mrefu, kwanza mdomo, kisha mikono. Walipotoka nje alishika mkono wa bibi yake, upande wa mbali.

Wiki iliyofuata maoni ya wahakiki yakaanza kutoka. Mke wa Besi alihitaji kuelezwa wahakiki ni nani, na alipoelezwa alisema, "Yaani mtu analipwa kwenda sinema halafu analalamika? Na mimi niliyelipa nikae kimya?" Lakini alinunua magazeti yote. Gazeti la Jumapili liliandika kwamba nyimbo za filamu ni ndefu na chura anazungumza kama mwalimu mkuu aliyepungua uzito, lakini Mamba! Ukimsikia, liliandika, unatamani kuinua miguu kutoka sakafuni. Gazeti lingine lilisema ile si sauti, ni ardhi inayofungua kinywa. La tatu lilisema vitabu vimetendewa haki kwa sababu ya Mamba peke yake. Mkewe aliyakata yote kwa mkasi wa kitambaa, akaja dukani mwenyewe akayabandika kwenye kioo, kuzunguka pande zote, hadi mteja aliyekaa kitini alijiona kama yeye ndiye anayesifiwa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kinyozi akisifiwa, benchi linamkimbia. Maana kila mtoto aliyeona filamu alikwenda kumwambia ambaye hajaiona kwamba Mamba hayuko mtoni, yuko pale karibu na duka la viatu, na ana wembe. Akina mama waliwaburuta hadi mlangoni. Watoto walishika miimo ya mlango kwa mikono na miguu. Mama mmoja alifanikiwa kumwingiza wake hadi kitini, Besi akaanza kuvuma, mmmm, na mtoto akatoka na shuka la bluu shingoni, akakutwa nyuma ya duka la viatu ndani ya boksi.

Sasa Besi akaanza kupambana na sauti yake. Alijifunza kusema kwa sauti nyembamba, kooni. "Karibu mwanangu," alisema kama mlango usiotiwa mafuta, na wakubwa waliokaa wakisubiri walificha nyuso kwenye magazeti.

"Mnasikia?" mtoto mmoja aliwaambia wenzake kutoka barabarani. "Sasa anajifanya mbuzi ili tuingie."

Jumamosi kwenye mazoezi ya kwaya, mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo na kuuliza ni nani kule nyuma anayekanyagwa.

Yote hayo Besi angeyavumilia. Kazi huja na huenda, na Mungu hakuwahi kumwacha alale njaa. Lakini jioni, alipochukua kitabu cha kijani na kukaa kwenye kiti chake, mapaja yake yalibaki matupu. Kifungo alikaa kwa bibi yake, kwenye pindo za sare zinazoshonwa, amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, joto lile, amefunika nywele zilizokuwa zikikua kama shamba lililoachwa. Wakati wa sala alifumbua jicho moja kuhakikisha babu hajasogea. Alikwenda kulala bila kumuaga.

"Mpe muda," binti yao alisema. "Watoto husahau."

"Huyu?" Besi alisema. "Huyu anakumbuka kifungo alichokula."

Usiku huo huo, ilipofika zamu yake kuomba, Besi aliomba hivi: "Bwana, wale wanaoandika magazetini, uwafungue macho. Wauone ubovu wangu. Hata mmoja tu, Bwana."

"Amina," mkewe alisema. "Ila nusu."

Na Mungu akasikia, maana kesho yake redioni, kwenye kipindi cha vitabu na filamu, alizungumza mwanamke mmoja mhakiki ambaye sauti yake ilikuwa kavu kama biskuti. Alisema filamu imependeza macho lakini haikumwelewa Mamba. Kwenye vitabu, alisema, Mamba ni mzee mwenye jino bovu, anatoza ushuru kwa sababu hana mtu wa kuzungumza naye, na kitabu cha tatu kinaisha amefungwa kitambaa shavuni, analia, chura amemshika mkono. Filamu imeliacha jino, imeliacha chozi, imebakiza mngurumo. "Matokeo yake," alisema, "mwanangu hataki kunyolewa. Nimeshindwa kuelewa uhusiano, lakini upo."

Besi aliongeza sauti ya redio. "Huyo mama anajua filamu," alisema.

"Amekutukana," mkewe alisema.

"Amenitukana vizuri sana. Mwandike mbandike kwenye kioo."

"Redio inabandikwaje?"

Lakini ukosoaji wa haki haunyoi mtu. Benchi lilibaki tupu, na kofia ya sufu ikabaki kichwani.

Jumamosi moja asubuhi, mkewe akiwa amebanwa na sare za shule, alimtuma Kifungo ampelekee babu chakula. Ni mwendo wa kuvuka uchochoro tu, na bibi aliweza kumwona kutoka dirishani. Besi alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, hana mteja, ameegemeza kichwa. Alisikia kitu kinakwaruza sakafu. Alipofumbua macho aliona bakuli la chakula likimjia peke yake, na nyuma ya bakuli mti wa ufagio, na mwisho wa ufagio, nje ya kizingiti, Kifungo.

"Asante, mke wangu," Besi alisema taratibu. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu alipozaliwa, na bibi yake akamwita mke mwenzangu.

"Mamba anakula nini?"

"Leo? Wali na maharage."

"Na watoto?"

"Watoto wana mifupa mingi," Besi alisema, na papo hapo akajua utani umeharibika, maana ufagio ulirudi nyuma hatua nzima. Akasema, na hakuifanya sauti nyembamba, aliiacha ilivyo, "Nimechoka kuogopwa, mke wangu. Sijui nifanyeje. Niambie wewe."

Kifungo alifikiri, ametoa ncha ya ulimi nje. Aliangalia kiti. Aliangalia msumari liliponing'inizwa shuka la bluu. Kwenye duka lile alikuwa amekulia, na sheria aliijua kuliko Amri Kumi.

"Usisimame," alisema. Akaingia kwa kufuata ukuta, akalitungua shuka kwa ufagio, akaja nalo kwa nyuma ya kiti, akalirusha kifuani kwa babu yake na kulifunga shingoni fundo la kamba za viatu.

"Umevaa shuka," alisema.

"Nimevaa."

"Hakuna kutikisika."

"Hakuna."

"Hata mamba."

"Hata mamba," Besi alisema, na hakutikisika.

Ndipo Kifungo alipopanda kwenye kibao cha watoto, akachukua mashine. Sasa Besi alikuwa na ndevu. Hazikuwa ndevu za kawaida. Zilikuwa nyeupe, zimechongwa, alizifuga tangu binti yake hajazaliwa, na mwalimu wa kwaya alisema zinaongeza sauti. Alizipaka mafuta Jumapili. Hakuna mkono mwingine uliowahi kuzigusa. Mashine ikanguruma karibu na shavu lake, na Besi akafumba macho na kumkabidhi Mungu roho yake na ndevu zake. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema; hawakusema anyolewe na nani.

Njia ya kwanza ilipita katikati ya kidevu, kama barabara mpya msituni.

"Sema," Kifungo aliamuru.

"Niseme nini?"

"Ya mtoni."

Besi akavuta pumzi. "Nani anavuka mto wangu bila ushuru?" Chupa za poda zikagongana kwenye rafu.

Kifungo akampiga utosini kwa kitana. "Tulia, wewe. Unanyolewa."

Kicheko kikatoka mlangoni. Wale watoto wa barabarani walikuwa wamekuja mmoja mmoja kama kuku kwenye mtama, na sasa walijaza kizingiti: Mamba amefungwa shuka, ana nusu ya ndevu, anapigwa kitana na mtoto wa kofia ya sufu. Besi alifungua jicho moja, akawaona, na kipaji alichopewa na Mungu kikamjia chenyewe. Akaanza kuomba huruma kama Mamba mwenyewe, kwa sauti ile ile iliyotikisa ukumbi: "Tafadhali, bibi mkubwa, nina jino bovu. Niache upande mmoja. Nitawavusha bure. Nitawavusha na mizigo." Kila aliponguruma, kitana kilimshukia, na kila kitana kiliposhuka, watoto walijishika matumbo.

"Na mimi nimnyoe," mmoja akasema.

"Panga foleni," Kifungo alisema. "Lakini ukimnyoa, na wewe unavaa shuka."

Ilipomalizika, ndevu zote zilikuwa sakafuni na kidevu cha Besi kilikuwa kipara, cheupe, chenye makovu mawili ya ujanani ambayo hata mkewe alikuwa ameyasahau. Kifungo alikitazama kwa karibu. Akakigusa kwa kidole. Kisha, polepole, akavua kofia ya sufu, akazunguka kiti, na akamgonga babu yake begani mara mbili kwa vidole viwili.

"Umefunguliwa," alisema. "Sasa mimi."

Akapanda. Besi akamvika shuka, akaweka kiganja kwenye utosi wake, na akavuma, chini kabisa, bila kuogopa sauti yake. Kifungo aliegemeza kichwa nyuma hadi kikagusa kifua cha babu.

Jioni mkewe aliweka sindano chini. "Nani amekufanya hivyo?"

"Mhakiki," Besi alisema.

"Wa gazeti gani?"

"Huyo hapo, anakula ugali wangu."

Kifungo aliulizwa basi filamu anaionaje. Alimeza kwanza. "Nzuri," alisema. "Ila Mamba ni mwoga."

Tangu hapo ikawa desturi ya duka. Mtoto akija mara ya kwanza, alimfunga Mamba shuka, akampiga kitana kimoja, akasikia akiomba msamaha, na ndipo zamu yake ilipofika. Ndevu hazikupata tena nafasi ya kukua. Yule mama wa redioni alimleta mwanawe, akakaa benchini akatazama yote bila kucheka, na wiki iliyofuata akasema kwenye kipindi chake kwamba amemwona Mamba wa vitabuni, amekamilika, na jino lake na chozi lake, ila hayuko sinema, na saa zake za kazi ni kuanzia asubuhi. Besi aliiomba kwaya nzima isimame kumshukuru Mungu kwa ajili ya wahakiki. Sauti ya tatu waliburuta ile amina.

Miaka ilipita, kama inavyopita. Kifungo akawa mrefu kuliko mama yake. Besi alipolazwa, kwenye wodi ile ile ambamo binti yake alifanya kazi, mkono wake haukuweza tena kushika wembe, na kidevu kikaota majani. Kifungo alikwenda asubuhi na begi dogo. Alikunjua shuka la bluu, ambalo sasa lilikuwa karibu jeupe, akalifunga shingoni kwa babu yake fundo la kamba za viatu.

"Hakuna kutikisika," alisema.

Besi alimtazama. Kifua kilikuwa kimechoka, lakini chini kabisa bado kulikuwa na kitu. "Nani," alisema, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza vichwa, "anavuka mto wangu bila ushuru?"

"Tulia, wewe," Kifungo alisema, akampiga kitana, na wodi nzima ikacheka, hata mzee wa dirishani aliyekatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi.

Alimnyoa taratibu, akivuma alivyofundishwa, kiganja kwenye utosi. Akamfuta, akampaka poda. Besi alikuwa amefumba macho, ametulia kama mteja bora kuliko wote aliopata kuwanyoa. Kifungo alikaa pale kwa muda, shuka bado limefungwa. Mama yake alikuja, akatafuta mapigo kwenye mkono wa mzee, akauweka chini taratibu, akasimama upande wa pili wa kitanda, na bibi yake miguuni, na bibi ndiye aliyetikisa kichwa kumwambia ndiyo.

Kifungo akamgonga babu yake begani mara mbili, kwa vidole viwili.